Kila Mtu Alifika Siku Moja



Mu mkutano wetu wa mwisho mama mmoja alisimama, akauliza swali lililobaki bila jibu. Alikimbilia Zambia akiwa binti, akazaa watoto huko, akarudi nao kupitia hapa Mokambo. Sasa ni miaka mingi. Akasema: "Paka leo banaitaka batoto yangu Bazambia. Tutakuwa bantu ba hapa siku gani?" Watu wakacheka kidogo, kisha tukaendelea na hesabu za michango.

Mimi sikucheka, kwa sababu karatasi ya pili mezani siku ile ilihusu jambo hilohilo. Ni pendekezo la kuongeza mstari mmoja mu fomu ya mwanachama, mstari wa "asili", ili sanduku letu la matanga na magonjwa lisaidie kwanza wale ambao kijiji cha baba zao kiko ndani ya Haut-Katanga. Tutapiga kura mu mkutano ujao. Komite iliniomba niandike kidogo juu ya historia, ili tusipige kura kwa hasira. Naandika, lakini nasema mapema kwamba niko na upande wangu, na mtauona.

Nianze na barieri, kwa vile wengi wetu tulianzia pale. Mokambo ziko mbili, moja ya Zambia na moja ya Congo, jina moja, mti wa barieri katikati. Mpaka huo ulichorwa na watu ambao hawakuwa hapa. Mwaka wa 1894 Waingereza na mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji walipatana, na kipande cha inchi yetu kikabaki kimeingia ndani ya Zambia kama kidole. Wazambia wanakiita pedicle. Hadi leo mtu wa Copperbelt anayetaka kufika Luapula kwa njia ya mkato anaingia Congo hapa, anapita karibu kilometa 70 kwetu, anatoka tena ku Chembe, ambako daraja la Luapula lilifunguliwa mwaka wa 2008. Walamba, Walala na Waushi wako huku na kule. Hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliwapitia katikati.

Mimi nilikulia Mufulira, karibu sana na hapa. Baba yangu alivuka zamani kutafuta kazi, na mimi "nilirudi" mahali ambapo sikuwahi kufika. Siku ile lori letu lilikuwa linashika upande wa kushoto wa barabara, kama inchi ya Waingereza inavyotaka. Baada ya barieri likahamia upande wa kuume. Mama yangu alishika kiti kwa mikono miwili akafunga macho, akaanza kusali. Hilo ndilo jambo la kwanza Congo ilitufundisha. Lakini hapa Mokambo hatukujiona wageni. Tulisalimia kwa Kibemba, "Muli shani mukwai", tukajibiwa kwa Kibemba. Ugeni ulianza tulipofika Lubumbashi.

Kule sokoni niliomba katapa. Mama muuzaji akaita jirani yake: "Kuya usikie uyu!" Majani ya muhogo pale yanaitwa sombe. Makaa niliyoita malasha yanaitwa makala. Chitenge ya dada yangu ikageuka kuwa kikwembe. Ubwali ukawa bukari, na si jina tu lililobadilika: unga wenyewe ulichanganywa mahindi na muhogo, nasi tuliozoea mahindi matupu tulikula wiki ya kwanza bila kusema kitu. Nilitoa noti ya dola yenye mpasuko mdogo kama punje ya mchele, ikarudishwa usoni kwangu. Dakika hiyohiyo muuzaji akapokea bila neno noti ya franka iliyoshonwa kwa skochi na kunuka samaki. Radio ya Kinshasa ilitangaza saa, nikarekebisha saa yangu ya mkono, na kesho yake nikachelewa kazi saa nzima: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, na Lubumbashi iko pamoja na Zambia. Hata jua linajua tulitoka wapi.

Kisha masikio yangu yakaanza kufunguka. Kiwanja cha nyumba wanakiita lupango. Lakini sisi kule tulisema lupango! Mtaa wa karibu na reli unaitwa Njanja, na Wabemba wa Copperbelt wanaita reli njanji. Mtoto mdogo ni katoto, wakiwa wengi ni tutoto, na ka na tu hizo zimejaa mu Kibemba kama mu Kiluba. Na sifa kubwa ya mji, ile wanayoipigia kelele hata mu mupira na mu radio, ni "Lubumbashi wantanshi". Wantanshi! Yaani wa mbele, wa kwanza, kwa Kibemba. Mtu ananicheka eti nazungumza kama Muzambia, na mji wake unajisifu kwa maneno ya bibi yangu. Nikaanza kuuliza wazee: maneno haya yaliingia humu lini, kama mgeni ni mimi?

Yaliingia kwa reli, au tuseme pamoja na reli. Reli iliyozaa mji ule haikutoka Kinshasa wala Kasai. Ilitoka kusini, kupitia Rhodesia, ikagusa Sakania mwishoni mwa mwaka wa 1909, na mwaka wa 1910 ikafika mahali ambapo Emile Wangermée alikuwa anapanga barabara za mji mpya ulioitwa Elisabethville. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka wa 1906, na mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikamwagika mu kiwanda cha Lubumbashi. Mashini, makaa ya mawe ya Wankie, unga na watu, vyote vilipita njia yetu hii. Wafanyakazi wengi wa kwanza waliandikishwa upande wa pili wa mpaka, Luapula na inchi ya Wabemba, na kampuni ya Robert Williams. Miaka ile ya mwanzo watu walinunua na kuuza kwa shilingi na pauni za Waingereza. Mu migodi wakubwa waliotoka kusini walitoa amri kwa lugha ya kuungaunga iliyoitwa Kikabanga. Kwa hiyo yule "Muzambia" anayechekwa leo sokoni, babu yake pengine alichimba msingi wa soko hilo.

Kuna watakaosema: sawa, hao walikuwa wafanyakazi, lakini inchi ilikuwa na wenyewe. Ni kweli, ilikuwa na wenyewe, Walamba na Wasanga na wengine, na mara nyingi hao ndio wanaosahauliwa tunapogombana juu ya asili. Lakini angalieni hata jina kubwa tunalolitaja tukitaka kujisifu, Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa na watu wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891. Msiri alitoka Unyamwezi, inchi iliyo leo ndani ya Tanzania. Baba yake alikuja huku kufanya biashara ya shaba. Kama fomu yetu ingekuwako siku zile, mfalme wa Katanga angeandika nini mu mstari ule?

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Wabelgiji waliogopa. Mji ulikuwa wao, lakini fedha, lugha na mikono ya kazi vilitoka kwa Waingereza. Wakageuza macho. Wakaandikisha watu Lomami, Maniema, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Kutoka mwaka wa 1928 Union Minière ikaacha mtindo wa kuleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha. Ikawapa mikataba ya miaka mitatu, ikataka waje na wake zao, ikawajengea kambi, ikagawa chakula kila wiki. Chakula hicho kiliitwa posho, na ndiyo sababu wazee wa mji wakisema "posho hii" wanamaanisha juma hili. Juma lao lilihesabiwa kwa unga.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipokomaa, na jambo hili naomba tulitazame vizuri. Waliokifanya kuwa lugha ya nyumbani si watu wa pwani. Ni Mluba, Mbemba, Msonge, Mrwanda, Tetela, waliojikuta mu kambi moja, milango ikitazamana, wanawake wakichota maji kwenye bomba moja, na hakuna hata mmoja aliyekuja nacho kutoka kwa mama yake. Watoto wao ndio walikipata kwa mama. Mtu wa Dar es Salaam akitusikia tunasema "bantu banakuya" anashika kichwa. Ashike tu. Lugha hii haina kijiji, ilizaliwa mu kambi na mu foleni ya posho, nayo pia ingeshindwa kujaza ule mstari wa asili.

Wakati wa shida kubwa ya uchumi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu waliachishwa kazi na kurudishwa makwao. Walipofika vijijini, vijiji havikuwatambua tena. Hao ndio watangulizi wetu sisi tuliorudi, ingawa hakuna aliyewaundia chama. Waliobaki walizoea mji. Wazungu mu mji wao, weusi mu cité, na katikati uwanja mtupu ulioachwa makusudi ili watu wasikaribiane. Commune Albert ya wakati ule leo ni Kamalondo. Kenya, Katuba na Ruashi zikaongezeka. Mu Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakiomba nyongeza ya mushahara, wakakusanyika mu uwanja wa mupira, na askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikufa pale pamoja na makumi ya wenzake. Sijasoma mahali popote kwamba risasi ziliuliza asili kwanza.

Sasa niwaambie juu ya kitabu kimoja, kwa sababu kinatuhusu kama chama. Mwaka wa 1965 bwana mmoja, André Yav, alipiga mashini historia ya Elisabethville kwa Kiswahili. Hakuwa profesa. Aliandika kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa mabwana wa nyumba, wale waliofua na kupikia Wazungu, ambao walikuwa wazee na walitaka mambo yao yasipotee. Waliita kitabu chao Vocabulaire, "maneno ya mji", ingawa ndani mna mengi kuliko maneno: namna Wazungu walivyokuja, majina ya kificho ambayo boyi waliwapa mabwana zao, mushahara, njaa, nani alikuwa mukali na nani alikuwa na roho. Maandishi hayana nukta nzuri wala herufi kubwa mahali pake. Johannes Fabian, profesa aliyefanya kazi Lubumbashi, aliyapata, na pamoja na Kalundi Mango akayatafsiri. Yalitoka kitabu mwaka wa 1990, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo wanayasoma. Karatasi chache za chama kidogo, kama hizi mnazoshika.

Mu kitabu hicho wako hata batumbula, wale watu wa usiku waliosemwa kwamba wanakamata wapita njia kwa ajili ya Wazungu. Kila mgeni aliyefika Elisabethville alionywa juu yao mu siku zake za kwanza: usipite pale giza likiingia. Nilipofika mimi walinionya pia, juu ya mambo mengine, lakini kwa sauti ileile. Nafikiri ndiyo namna mji unavyomfanya mtu kuwa wake. Kwanza unamcheka sokoni, halafu unamuogopesha, na siku moja unamsikia yeye mwenyewe anamuogopesha mwingine.

Mji ukabadilisha jina mwaka wa 1966, Union Minière ikachukuliwa na Serikali tarehe 1 Januari 1967 na baadaye ikawa Gécamines, na watu wakasema "Gécamines njo baba, njo mama". Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi ameandika juu ya watoto wa huyo baba, bana Shaba, na namna baba alivyowaacha. Sitaongeza. Shemine ya metre 150 na mulima mweusi wa taka za shaba kando yake viko bado, na mtu akitoka safari akaviona anasema "tumefika", awe alizaliwa chini yake au alihamia mwaka jana.

Nafika sasa mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Mji huu umewahi kutoa watu wake mara zaidi ya moja. Mwaka wa 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, pale Elisabethville yenyewe, kilometa chache kutoka nyumba zao. Na kutoka mwaka wa 1992, Likasi na baadaye Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Wengi wao walizaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa. Walifukuzwa mu nyumba na mu kazi, wakalala ku magare wakingoja treni, miezi mingine, na watoto na wazee wakafa njiani. Walipelekwa Kasai, "kwao", ambako wengine hawakuwa na hata mtu mmoja wa kuwapokea. Baadhi walirudi baadaye polepole, bila kelele. Wako mu chama hiki. Wanalipa mchango kila mwezi. Hawasemi mengi tunapojadili asili, na nafikiri mnajua kwa nini.

Neno lililofanya kazi ile mwaka wa 1992 lilikuwa "non-originaire". Halikuanza na fimbo. Lilianza kama neno la ofisi, la kujaza mu karatasi.

Halafu tukaja sisi. Pweto ilipoanguka mu Desemba 2000, watu walivuka kwenda Zambia na kujaza kambi za Kala na Mwange. Wengine walishakuwa kule, na wengine walijificha mu miji, Ndola, Kitwe, Mufulira. Kutoka mwaka wa 2007 hadi 2010 HCR ilirudisha maelfu, na walio mu miji walirudi kwa miguu yao na kwa lori za watu. Wengi walikuta viwanja vyao vina wenyewe wapya. Ndipo wakashuka Lubumbashi au wakabaki hapa mpakani, na ndipo chama hiki kikaanza, na michango ya kuzika mtoto mmoja. Wakati ule hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa wa kabila gani. Tulinunua mbao.

Kuna anayesema sanduku ni dogo, lazima tuchague. Hapo nakubali, sanduku ni dogo. Mu Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka ku Kasumbalesa, ku Mokambo na ku Sakania kwa sababu ya ugomvi wa bia na vinywaji, zilikuwa siku chache tu, lakini mama zetu wanaovusha unga walikula akiba yote. Mwaka uleule ukame ulipiga Zambia na bei ya unga ikapanda hadi Lubumbashi, maana mji ule unakula kutoka kusini tangu siku ya reli. Basi tuchague. Lakini tuchague kwa kuangalia nani ana mgonjwa, nani ana maiti ndani, nani amelipa mchango na tangu lini. Hayo katibu anaweza kuhakikisha ndani ya daftari. Asili ya babu hawezi, na atakayejaribu atamaliza siku akisikiliza ugomvi.

Mimi nitapiga kura ya hapana. Anayetaka kunijibu aandike. Komite imekubali kutoa majibu mu toleo lijalo, hata yale makali, mradi mtu aweke jina lake.

Na jambo moja zaidi, halihusu kura. Nimemuomba katibu atenge daftari tupu kwa ajili ya maneno yetu, kama wale wazee wa mwaka wa 1965. Kila mmoja alete neno alilochekwa nalo siku ya kwanza, lile alilotoka nalo Kala, Mwange, Meheba au Mufulira, na lile alilofundishwa badala yake. Asiyejua kuandika aje mchana wa Jumamosi, kijana mmoja atakuwa pale kuandika. Yule mama wa swali alikwisha kuja. Fomu yake ya zamani imo mu faili. Tulipoifungua tulikuta kwamba pale palipoandikwa mahali pa kuzaliwa kwa mtoto wake wa kwanza, aliandika "Kala, blok, karibu na bomba".